Jinsi ya kutumia comprar, kitenzi cha kununua cha Kihispania, bila kununua punda asubuhi

Mie ni mtu wa Malindi ila nakaa Lamu mwaka wa tano sasa, nashika jiko la gesti moja ndogo huku Langoni, na Kihispania nilikiingia kwa mlango wa aibu. Walikuja wageni wanne kutoka Uhispania, asubuhi yao ya kwanza nikaona siagi imeisha, nikatoka nikawaambia kwa kujiamini kabisaa, voy a comprar burro para el desayuno. Si unajua watu wa Malindi, kila mtu ana Kitaliano chake cha kuombea maji, na kwa Kitaliano burro ni siagi. Wale wageni kimya. Mmoja akachungulia dirishani, chini uchochoroni kulikuwa na punda amebebeshwa mifuko ya mchanga, akamtizama punda, akanitizama mie. Kumbe kwa Kihispania burro ndio huyo huyo punda, yaani nimewaambia wageni naenda kununua punda wa kiamsha kinywa. Siagi ni mantequilla, na hilo neno halijanitoka tena.

Sasa ukiangalia vizuri, kwenye ile sentensi kosa lilikuwa moja tu, voy a comprar walielewa bila shida, naenda kununua. Ndio nikaanza kukifuatilia hiki kitenzi, manake kwa mtu wa pwani anayeuza kitu au kupokea wageni hutapata siku ipite bila kukihitaji, na nilichogundua ni kwamba usipitie Kiingereza. Video nyingi na programu za simu zinamfundisha Kihispania mtu wa Kiingereza, kwa hivyo zinakaa nusu saa zikieleza vitu ambavyo sisi tunavyo nyumbani, alafu vile vinavyotusumbua sisi kweli zinavipita mbio. Ukitoka kununua moja kwa moja mpaka comprar njia ni fupi. Chukua daftari tuanze.

Hatua ya 1: mdomo kwanza

Comprar ni silabi mbili tu, kom-prar. Ulimi wetu haupendi herufi zibanane bila irabu katikati, tunapenda kuchomeka kitu, ndio manake tukapata dereva na buluu. Hapa usichomeke. Ukisema komparar umeshasema neno lingine, comparar, kulinganisha, kwa hivyo mgeni akikuuliza wafanya nini sokoni ukamjibu comparo, umemwambia nalinganisha. Haya, pengine ni kweli, shangazi yangu pale soko la Malindi hanunui nyanya kabla hajazunguka meza zote, na hayo maneno mawili yametoka kwa Kilatini kimoja, comparare, ata wale wa zamani waliona kununua na kulinganisha ni kazi moja. Jirani mwingine wa kumchunga ni comprender, kuelewa. ¿Compra? ni ananunua, au unanunua kwa heshima. ¿Comprende? ni unaelewa. Mteja kashika kikoi wewe ulitaka kumuuliza kama ananunua, badala yake unamuuliza kama anaelewa, ataona una dharau.

Alafu mkazo, na hapa tukae kidogo kwa sababu ndipo sisi tunapoanguka kuliko watu wote. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mahali, tumezoea hivyo tangu tumboni. Neno linalojulikana kwa kuvunja hiyo sheria ni barabara, kuna baraBAra ya Mokowe na kuna baRAbara kwa maana ya sawasawa. Sasa Kihispania hii habari ya barabara iko kwenye vitenzi vingi. COMpro, nanunua. ComPRÓ, alinunua. COMpre, anunue. ComPRÉ, nilinunua. Kile kimstari juu ya herufi sio urembo, kinakwambia kaza hapa. Mie mwezi mzima kila kitu nilikuwa nasema COMpro, mgeni ananiuliza nani kanunua huyu pweza, mie namjibu COMpro mi tío. Nilitaka kusema mjomba wangu alinunua. Alichosikia ni kama namnunua mjomba.

Dawa yake ni kupiga meza. Sema com kwa kugusa kidogo, PRÓ upige kofi. Rudia com-PRÉ, com-PRÓ mpaka watu wa nyumbani wakuulize kuna nini. Na kwenye simu usione uvivu, bonyeza herufi o bila kuiachia, itakuletea ó, manake ujumbe ukiandika compro el pescado na ukaandika compró el pescado ni watu wawili tofauti na siku mbili tofauti, na kwenye biashara ya samaki hiyo ni pesa.

Hatua ya 2: kata mkia

Sisi mtendaji anakaa mbele, ni-na-nunua, u-na-nunua, a-na-nunua. Wao anakaa mkiani. Toa ile -ar ya mwisho, inabaki compr-, hiyo ndio nunua yao, alafu bandika mkia:

compro, nanunua
compras, unanunua
compra, ananunua
compramos, tunanunua
compráis, mnanunua, hii ni ya Uhispania tu
compran, wananunua, na kule Amerika ya Kusini na Meksiko ndio mnanunua pia

Hapo ushaona faida ya kwanza. Mtu wa Kiingereza atasema yo compro, yo compro, yo compro kama kasuku kwa sababu kwao kitenzi hakijitoshelezi. Sisi hatusemi mimi nanunua ila tukitaka kukaza, kwamba ni mie sio yule, na wao hivyo hivyo. Compro ni sentensi nzima, kama vile nanunua ilivyo sentensi nzima.

Ndugu zangu wa Malindi sasa nisikilizeni, nyie mna ugonjwa wenu, nami nilikuwa nao. Kitaliano tulikizoea tangu wale wa San Marco waje Ngomeni miaka ya 1960 kurusha roketi, na kununua kwao ni comprare, ndugu kabisa wa comprar. Compro ni sawa kotekote, compra ni sawa kotekote, basi unajiona umefika, alafu unamwambia mtu wa Madrid compri ukifikiri ni unanunua. Hapana. Compri, compriamo, comprate viache kwa Wataliano. Mwingine wa kuchekesha ni barato. Kwa Kihispania barato ni bei rahisi, lakini kwa Kitaliano barare ni kufanya ujanja kwenye karata, kwa hivyo barato ni kudanganya, so Mhispania akiingia dukani kwako akasema qué barato usikunje uso, amekusifu. Caro ni ghali kwa wote wawili, hiyo usipoteze usingizi.

Na tukizungumzia Malindi, hili neno lenyewe halikuja jana. Kireno pia ni comprar, herufi kwa herufi, na Vasco da Gama alitia nanga pale 1498. Wareno walituachia meza na bendera, na Kihispania ni mesa na bandera, kwa hivyo ukiona neno la Kihispania linafanana na la bibi yako usishangae. Comprar hawakutuachia. Kununua tulikuwa tukijua.

Heshima. Mtu mzima au mtu usiyemjua muite usted, na usted inatumia mkia wa compra, kana kwamba unamzungumza mtu wa tatu: ¿usted compra? Tú, yaani compras, ni ya rika lako na watoto. Wahispania wenyewe siku hizi wanarukia tú haraka mno, ata mzee atakwambia niite tú, sawa muitikie, lakini ukianza na usted hakuna atakayenuna. Sehemu za Kolombia watu wanaitana usted mpaka ndani ya nyumba. Waajentina wao hawana tú, wana vos, na wanasema comprás kwa kukaza mwisho, ukimsikia usimsahihishe.

Kukanusha ni bure kabisa, weka no mbele. No compro, sinunui. Sisi tunabadilisha mbele na nyuma, si- mbele na -i nyuma, wao hawana habari.

Hatua ya 3: jana, na leo asubuhi

Iliyopita ni hii: compré, compraste, compró, compramos, comprasteis, compraron. Hii ndio -li- yetu. Ayer compré pescado, jana nilinunua samaki. Compramos imebaki vile vile, tunanunua na tulinunua zinafanana, utajua kwa maneno ya pembeni kama ayer, jana.

Kwa Uhispania utasikia sana pia he comprado, na hii ni -me- yetu mtupu, nimenunua. Esta mañana he comprado pan, leo asubuhi nimenunua mkate. He, has, ha, hemos, habéis, han, alafu comprado haibadiliki. Mtu wa Kiingereza anasumbuka lini aseme compré lini he comprado, wewe jiulize tu kwa Kiswahili ungesema nilinunua au nimenunua, mara nyingi utapata jibu. Lakini mgeni akiwa wa Meksiko au Ajentina, compré itakutosha ata kwa cha leo asubuhi.

Kwa njia, samaki aliyeko baharini ni pez, akishavuliwa ni pescado. Unanunua pescado. Pez labda wale wa kufuga ndani ya kioo.

Hatua ya 4: kesho

Voy a comprar, vas a comprar, va a comprar, vamos a comprar, van a comprar. Naenda kununua na ntanunua vyote viko humo. Ipo nyingine, compraré, lakini kwa maongezi hii ya voy a inakutosha miaka.

Hatua ya 5: ile e

Hapa ndipo nilipokipenda Kihispania. Vitabu vinatutisha na hii sehemu kama jini, wanafunzi wa Ulaya wanalia nayo, na sisi tunaisema toka tuko na miaka miwili. Angalia. Ananunua inaishia na a. Nataka anunue inaishia na e. Sasa angalia wao. Compra, ananunua, a. Quiero que compre, nataka anunue, e. Ni kitu kimoja! Ukitaka, ukiomba, ukikataza, ukisema ili, a inageuka e, kwetu na kwao.

Quiero que compres pan, nataka ununue mkate. Para que compres, ili ununue. No compres eso, usinunue hiyo. Ata amri inafuata: compra ni nunua, kavu kavu, ya mtu wa nyumbani, na compre ni ya adabu, kama vile sisi tukitaka kulainisha tunasema ununue badala ya nunua. Mie niliposhtuka hii nilicheka peke yangu jikoni, mandazi yakaungua.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ushaijua, compre anunue na compré nilinunua tofauti yake ni kofi la meza tu. Ya pili ni si, yaani ikiwa. Ukinunua viwili ntakupunguzia, kwetu ukinunua inabaki na a, haigeuki e, na kwao vile vile si compra dos. Usiseme si compre, nimesikia vijana wengi pale jeti wakisema si compre dos, wameshajua kwamba kuna e ya adabu wakaamua kuimwaga kila mahali kama chumvi.

Na hii usiweke kwenye daftari la e lakini iandike mahali: baada ya neno dogo kama sin, para, antes de, kitenzi kinabaki comprar kizima. Sin comprar, bila kununua. Antes de comprar, kabla ya kununua. Sisi tunasema ku-nunua hapo, wao comprar. Anayepitia Kiingereza ndiye utamsikia anasema sin comprando, kimakosa.

Hatua ya 6: ngeli ni mbili tu

Uliteswa na ngeli shuleni? KI-VI, LI-YA, U-ZI, mwalimu kasimama na kiboko? Kihispania ngeli ni mbili, ya kiume na ya kike. El gorro, kofia, ni ya kiume. La cesta, kikapu, ni ya kike. Usiulize kofia imekuwaje mwanamume, ata wewe huwezi kunieleza kiti na kijiko vimekuwaje ngeli moja.

Na kitu kinachonunuliwa kinaingia kabla ya kitenzi, kama kwetu. Nilikinunua, lile ki limekaa mgongoni mwa nunua. La compré, lile la limekaa mgongoni mwa compré, ila wao wanaliandika mbali kidogo. ¿Compraste la cesta? Sí, la compré. Ulinunua kikapu? Ndio, nilikinunua. Kwa kofia, lo compré. Kwa makubadhi, ambayo wao wanaita sandalias, ya kike na ni mengi, las compré. Kwa vikoi, wao wanasema pareos, los compré.

Kikija comprar kizima, lile neno dogo linahama linaenda mwisho na linaandikwa pamoja: quiero comprarlo, nataka kuinunua. Hapa tumetofautiana, kubali tu.

Hatua ya 7: kununulia, na vile nilivyomchanganya Ami

Hii ndio hatua ya kusoma mara mbili. Kununua na kununulia kwetu ni vitenzi viwili, tunaongeza li tu. Wao hawana hiyo li, wana neno dogo mbele: me compró, alininunulia. Te compró, alikununulia. Le compró, alimnunulia. Nos compró, alitununulia. Les compró, aliwanunulia. Na wanafanya kama sisi, wanamtaja mtu mara mbili: le compré un pareo a mi tía, nilimnunulia shangazi kikoi. Lile m na shangazi ni mtu mmoja, le na a mi tía ni mtu mmoja. Kwa Mwingereza hii ni kichekesho, kwako ni maongezi ya kawaida.

Lakini. Ile le ya kwao ina uso wa pili, inaweza kuwa kumnunulia mtu na inaweza kuwa kununua kutoka kwa mtu. Le compré un pareo a mi tía pia yaweza kuwa nilinunua kikoi kwa shangazi, yeye ndiye muuzaji. Wenyewe wanajuana kwa kuangalia nani ana duka.

Mie sikujua. Nilikuwa nimempeleka mgeni mmoja, mama wa makamo, kwa mzee anayeuza kofia za vito, wote tunamuita Ami. Yule mama akashika kofia nzuri kabisa, akasema quiero comprarle un gorro a mi padre. Ami akaniuliza, mwanangu, asemaje? Nami kwa ujuzi wangu nikamwambia, Ami, asema ataka kununua kofia kwa babake. Ami akamtizama yule mama, akanitizama mie, akasema taratibu, mwanangu, kama babake auza kofia, hapa kwangu amefuata nini?

Alikuwa anataka kumnunulia babake. Alimnunulia, alihamdulilah, na Ami mpaka leo nikipita ananiuliza yule mzee wa Uhispania duka lake laendeleaje.

Ukitaka kukwepa huo mtego, tumia para kwa anayepokea: compré un gorro para mi padre, hapo hakuna wa kukosea. Kwa yule unayenunua kitu kutoka kwake taja duka: lo compré en la tienda de mi tío, niliinunua dukani kwa mjomba. Na moja ya mwisho ya hapa, le na lo zikikutana le inageuka se, hawasemi le lo. Se lo compré, nilimnunulia hicho. Imeze hivyo hivyo, haina uchungu.

Hatua ya 8: peleka dukani

Maneno ya duka si yale ya kitabu. Mteja aliyeridhika mara nyingi hasemi lo compro, anasema me lo llevo, naondoka nacho. Na mteja asiyetaka kitu atakwambia solo estoy mirando, naangalia tu, utaisikia mpaka uote usiku. Jibu zuri ni sin compromiso, kuangalia bure, wenyewe wanaitumia madukani kwao. Kuvutana bei ni regatear.

Soma hii kwa sauti, wewe ndiye muuzaji:

Buenos días, señora. Pase, pase, sin compromiso.
¿Cuánto cuesta este pareo?
Mil quinientos chelines.
Uy, es un poco caro.
Si compra dos, se los dejo en dos mil quinientos.
Vale. Me los llevo.

Chelines ni shilingi. Mil ni elfu, na hawasemi elfu moja, mil inatosha peke yake. Se los dejo en ni nakuachia kwa, kama sisi tunavyosema nakuachia kwa bei hii. Vale ni haya, sawa, na Mhispania akikosa kusema vale kwa dakika tano ujue anaumwa. Kwenye hesabu chunga seiscientos na setecientos, 600 na 700, zinafanana mno masikioni, mie nishapoteza mia hapo, mgeni katika haki yake kabisa, nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sokoni kununua vyakula vya nyumbani Wahispania wanasema hacer la compra. Kuzunguka madukani kununua nguo na mapambo ni ir de compras, ina s. Ukimwambia mgeni vamos a hacer la compra anafikiria vitunguu na mchele, ukimwambia vamos de compras anachukua mkoba mzuri.

Kukopa dukani ni comprar fiado. Kwenye maduka ya kule kuna kibao maarufu, hoy no se fía, mañana sí, leo hakuna mkopo, kesho upo, na kesho ukienda kibao bado kinasema leo. Nilipomueleza Ami akacheka sana, akasema hao wameishi na sisi, akanitupia kukopa harusi kulipa matanga.

Na nyie wa mpira mnaokesha na ligi ya Uhispania, mchezaji akinunuliwa hamtasikia sana comprar, mtasikia fichar, kusajili. Ch yao ni ch yetu. Kwa hivyo timu ikimficha mchezaji usianze kumtafuta.

Hatua ya 9: mazoezi

Usikariri jedwali usiku mzima, utaamka nalo limeyeyuka. Mie nilichukua ule mwendo wangu wa kila asubuhi kwenda sokoni, kila kitu kinachoingia kwenye kikapu nakisemea mara tatu kimoyomoyo. Compro tomates. Kesho yake ayer compré tomates. Nikitumwa, la jefa quiere que compre leche, bosi anataka ninunue maziwa, e ile. Wiki mbili hivi mdomo ukashika njia. Ukikwama, kamusi ya Real Academia Española iko bure kwenye intaneti, tafuta comprar utapata mikia yote. Na ukishaijua hii umejua nyingine nyingi bila kujua: pagar kulipa, mirar kutazama, llevar kubeba, dejar kuacha, regatear, zote zinaishia na -ar na zinakatwa mkia vile vile, ila pagar kwenye nililipa inaandikwa pagué, wanachomeka u ili sauti ya g isiharibike.

Jaribu hizi tano, funika majibu kwa mkono.

Kesho tunaenda kununua pweza. Mañana vamos a comprar pulpo.

Usinunue makubadhi hayo, ni ghali. No compres esas sandalias, son caras.

Alinunua pete bila kuuliza bei. Compró un anillo sin preguntar el precio. Kofi kwenye meza, comPRÓ.

Nataka mninunulie kofia. Quiero que me compréis un gorro, kwa Wahispania, na kwa wa Meksiko quiero que me compren un gorro.

Nimewanunulia wageni siagi, sikununua punda. Les he comprado mantequilla a los huéspedes, no he comprado ningún burro. Na mtu akikuuliza wageni wameanza lini kuuza siagi, mrudishe hatua ya 7.